Baba Alilia Usiku Kucha

Kila asubuhi Julie alivaa koti lake jeupe la maabara nyumbani kwao, akashuka nalo barabara ya mtaa wao wa Panda, mjini Likasi, ili watu wote wamwone. Wenzake walivaa yao kazini. Julie alikuwa na maringo yake madogo, na nani amlaumu? Mjukuu wa mchimba shaba, aliyezaliwa katika nyumba za kambi ya wafanyakazi, sasa ndiye anayeipima shaba kwenye vichupa na kuwaambia mainjinia imefikia wapi. Na kama hilo halikutosha, amepata ufadhili wa kwenda kusomea shahada ya uzamili Moroko.

Tangu habari hiyo ienee, hapiti njiani salama. Muuza vitumbua anataka viatu, jirani anataka marashi. Kazini ubishi ulikuwa mmoja tu: je, Moroko ni Ulaya?

“Kama unapanda ndege na unavuka bahari ya mchanga, ile ni Bulaya,” alisema Dodo, dereva wa kiwanda, aliyeleta sampuli kutoka kwenye matangi.

“Dodo, Maroc iko Afrika, sawa huku,” Julie akamjibu.

“Basi ile koti ya baridi unapeleka ya nini?”

Maabara nzima ilicheka, na Julie, pamoja na kemia yake yote, akacheka nao.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki. Kwao, mtoto akienda mbali, baba na mama humpulizia maji viganjani kutoka kinywani mwao. Hiyo ndiyo baraka, na lazima itoke kwa wote wawili. Julie alikuwa amekwisha kuwaambia watu: bila maji hayo, hata basi la Lubumbashi hapandi. Ingefanyika Jumapili, baada ya misa. Kwa mama yake hakuwa na wasiwasi, maana Mama Adrienne alikuwa amelichosha soko zima kwa kujisifu: “Mutoto yangu anaenda kuwa docteur wa mawe!” Shaka ilikuwa kwa baba. Mzee Barthélemy, fundi mstaafu wa kuchomelea vyuma, alipoambiwa habari ya ufadhili alijibu “Bon,” yaani vema, akarudi kusikiliza redio.

Basi siku moja katika wiki ile ya mwisho Julie alisahau chakula chake nyumbani. Dodo, aliyekuwa akipita mtaa wao na gari, akamchukulia. Mlangoni alimkuta Kaku Marcelline, bibi mzaa mama, akibangua karanga. Alirudi na bakuli la bukari, ule ugali wao, na sombe ya majani ya muhogo mkononi, na uso umemshuka.

“Julie, baba yako hapendi uende.”

“Nani alikuambia?”

“Kaku mwenyewe. Anasema baba analia usiku yote. Anasema, mutoto yangu haende.”

Julie aliweka kichupa chini. Baba, kulia? Mtu aliyezika ndugu zake macho makavu? Bukari ikapoa bila kuguswa. Alipima sampuli ile ile mara mbili akapata majibu mawili, mpaka mkuu wake akamwambia aende nyumbani kabla hajakifilisi kiwanda. Alitembea koti likiwa kwapani, ameumia na amekasirika pia. Kwa nini amfiche? Lakini alikwisha kukata shauri: baba akikataa, habari ya Moroko imekwisha.

Alimkuta uani akipigilia bawaba ya banda la kuku, Kaku kando yake na karanga zake.

“Papa, kama hautaki niende, uniambie weye mwenyewe. Usilie mu kificho.”

“Kulia? Nani analia?”

“Weye! Kaku alimwambia Dodo.”

Mzee Barthélemy alishusha nyundo, akamtazama mama mkwe wake, kisha akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. “Minye! Banasema minye nalia! Kaku, ulisema nini?”

“Nilisema baba,” Kaku akajibu bila haya. “Baba ni baba.” Na kwa kidevu akaelekeza jikoni.

Kwa Kitshiluba, baba ni mama, yule aliyekuzaa kwa uchungu. Mzazi wa kiume huitwa tatu. Kaku alikuja Likasi kutoka Kasai akiwa msichana, na Kiswahili chake huchekesha soko, lakini neno hilo moja limekataa kuhama. Dodo, Msanga wa watu asiyejua Kitshiluba, alilisikia kwa masikio yake ya Kisanga. Julie amekulia katika lugha hiyo. Angelisikia kinywani mwa Kaku asingebabaika. Ila kwa Dodo lilikuja limekwisha kuvaa Kiswahili.

Kicheko cha mzee kikakatika, na Julie akageukia jikoni. Kumbe anayelia ni mama.

Humo Mama Adrienne alikuwa anasonga bukari kwenye jiko la makaa, mgongo ameupa mlango. Alikuwa amesikia yote.

“Mama, unalia?”

“Ni moshi.”

“Makala haitoke moshi, mama.”

Mwiko ukasimama. “Bon. Nalia. Mu soko nasema niko na furaha, na ni kweli. Lakini nikilala, naona hii nyumba. Papa yako anajua paka ‘bon’ tu. Weye ndiye unanichekeshaka. Nitabaki na nani?”

“Basi nibaki?”

“Ubaki!” Mwiko ukainuka juu na bukari yake. “Ili batu banicheke? Usiku nasema haende, asubuhi nasema aende. Kaku anasikia paka ya usiku tu!”

Walicheka, kisha wakalia, na bukari ikaungua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Julie aliona haya kwamba siku zote hizo alikuwa akichunguza uso wa baba peke yake.

Jumapili walikusanyika uani, Dodo akiwa amekuja kumsindikiza mpaka kwenye basi. Mzee Barthélemy alipuliza maji yake safi, kama fundi, akasema “Bon.” Kisha Mama Adrienne akajaza kinywa. Akaiangalia mikono ya binti yake iliyokunjuliwa mbele yake. Akayameza.

“Maji haiko ya kunywa!” Kaku akamkemea.

Akajaza tena, mashavu yakavimba. Akayameza tena. Watu walicheka, lakini Julie hakucheka. Alibaki amekunjua viganja.

“Niko nangoja, mama,” akasema polepole. “Haina mbio.”

Mara ya tatu Mama Adrienne alifumba macho, na maji yakamtoka kwa nguvu pamoja na kwikwi, yakalowesha viganja, koti la baridi, na shati la Dodo. Akajifuta kidevu kwa kitambaa chake.

“Enda, mutoto yangu,” akasema. “Enda sasa, mbele ya usiku kufika.”