Kruzi Iliyokataa Kushika

Bosi alinunua gari lenye kruzi, ile swichi ya usukanini inayoshika mwendo bila dereva kukanyaga mafuta, akanikabidhi mimi nibebe abiria kati ya Handeni na Korogwe, njia ya matuta na ng'ombe. Kruzi ilipogoma akapiga simu.

"Jumamosi nakuja. Nikikuta haishiki, ufunguo nampa mwingine."

Wazazi walipofariki niliacha shule, na wadogo zangu wanasoma kwa usukani huo. Nikasema, "Sawa, bosi."

Fundi umeme wa Korogwe alifungua usukani, akasafisha swichi, akafunga. Haikushika. Akafungua tena.

"Waya za ndani zimechoka, kaka."

Kabla ya hapo alisema betri ndiyo imechoka, kwa sababu kila asubuhi gari lilikuwa haliwaki, akanifundisha kuchomoa waya wa betri kila ninapoegesha. Kwake yeye kila kitu kilichoka isipokuwa mdomo wake.

Nikarudi Handeni nimenuna. Kila aliyenifuata nyuma alinimulika. Kwetu madereva taa ni maneno: anayekuja mbele akikumulika, ujue kuna trafiki, wa nyuma akimulika, anataka kupita. Nikasogea pembeni. Hapiti, anamulika tu. Pita basi! Dereva wa lori alipopita hatimaye, alitoa mkono dirishani akionyesha nyuma ya gari langu. Nami nikamjibu kwa mkono, tena si kwa adabu.

Nyumbani mdogo wangu wa kike akafagia gari.

"Kaka, siku hizi unakula biskuti ukiendesha?"

Chini ya pedeli ya breki kulikuwa na vipande vya plastiki, vimekatika kama makombo.

"Biskuti gani? Niache, nina shida zangu."

Nikafungua boneti, nikarudisha waya wa betri nijaribu tena. Akaita kutoka nyuma ya gari, "Mbona umekanyaga breki?"

"Nikanyage na mguu gani? Si niko huku mbele!"

"Basi taa zinawaka zenyewe. Njoo uone."

Nikajikunja chini ya usukani. Pale juu ya pedeli, kile kiplastiki kinachobonyeza swichi ya breki ili taa zizimike mguu ukitoka kilikuwa kimepukutika, limebaki tundu tupu. Gari lilidhani nimekanyaga breki muda wote. Ndiyo maana betri iliisha, na kruzi ikakataa. Barabara nzima ilikuwa ikiniambia, mimi nawapisha.

Nikaziba tundu kwa bolti fupi na nati. Taa zikazimika.

Jumamosi bosi alishika usukani mwenyewe. Tulipoiacha Handeni akabonyeza, kruzi ikashika. Hajamaliza kutabasamu, ng'ombe wakaingia barabarani. Akakanyaga breki kwa nguvu, kruzi ikaachia. Akaegesha, akajifuta jasho, akanipa ufunguo.

"Endesha wewe. Njia yenyewe hii haitaki kruzi."

Maneno hayo nilimwambia siku aliponunua gari. Nikahamia kwenye usukani, nikawasha gari.