Kigari Kilichopanda Mabatini na Mchele

Mwaka 1976, nikiwa na miaka tisa, baba yangu alifariki, na baba zangu wadogo wakagawana ng'ombe wake kabla matanga hayajaisha. Shida zangu zilianzia hapo. Nilikuwa darasa la pili, na hilo darasa la pili ndiyo elimu yote niliyonayo mpaka leo. Nasema bila aibu. Nilikuja Mwanza mjini na mama, nikabeba mizigo kichwani, na nilipopata nguvu za mtu mzima nikavuta mkokoteni. Magunia ya dagaa kutoka mwaloni, kwenye soko la samaki, saruji, mabati, vitanda vya watu wanaohama, siku moja jeneza na mwenyewe ndani. Kila kinachohamishwa katika mji huu nimekihamisha. Kitu kimoja tu sikuwahi kukibeba, nacho ni mtoto wangu.

Nilioa nimechelewa kwa sababu sikutaka kumweka mwanamke kwenye chumba kinachovuja. Nilijenga kwanza. Nyumba yangu iko juu Mabatini, kati ya yale mawe makubwa, mahali ambapo bodaboda anakushusha chini na kukwambia malizia mwenyewe. Mke wangu ni fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache. Mimba tatu ziliharibika. Ya tatu ilikuwa imeshaanza kucheza tumboni, niliweka mkono nikaisikia. Mara zote tatu mama mkwe alituonya tusinunue kitu chochote cha mtoto kabla hajazaliwa, maana ukimwandalia asiyefika unamwita mwingine aje kuchukua. Kwetu wazee wengi wanasema hivyo. Vijana wanacheka. Sisi hatukucheka, tulitii, na nyumba ikabaki bila hata kitambaa cha mtoto.

Ya nne ilipoingia mwezi wa nane, mke wangu alisema wakati wa chakula kwamba anataka twende mjini kuchagua kigari cha mtoto. Alikuwa amemwona mama mmoja anasukuma mtoto kando ya ziwa, mtoto amelala, mama analamba ice cream. Nilimwambia tusubiri. Nikamkumbusha maneno ya mama yake, nikamwambia mgongo wake upo na kanga zipo, nikasema mengi, mimi nikianza kusema huwa sikatiki. Aliniacha nikamaliza. Akasukuma sahani pembeni.

"Wale watatu hatukuwanunulia hata soksi," alisema. "Walikaa?"

Mimi ndiye ninayejibu watu wote Mabatini, mpaka mwenyekiti wa mtaa. Siku hiyo niliacha chakula. Nilinawa mikono nikatoka nje nikakaa juu ya jiwe, nikaona kwamba siogopi mwiko wa mama mkwe. Nilichoogopa ni kukitazama kiti cha mtoto halafu kikose mtu.

Jumamosi tukaenda. Duka liko katikati ya mji, Nyamagana, la mzee mmoja wa Kihindi ambaye nilimvutia mizigo baba yake tangu sisi wote wawili ni vijana. Duka lile nilizoea mlango wa nyuma, ule wa kushushia mzigo. Siku hiyo niliingia kwa mlango wa mbele na mke wangu mbele yangu, tumbo lake mbele yake.

Mwenye duka akaniangalia juu ya miwani, akaniuliza kama mkokoteni umenishinda mpaka nimekuja kutafuta mdogo.

"Mgongo umezeeka," nikamwambia. "Nipe unaoenda wenyewe."

Alituonyesha vigari vimepangwa ukutani, nami nikavisogelea. Sijui kama watu wanaozaliwa leo wanajua wanachokitazama. Mimi mkokoteni niliutengeneza kwa mbao na tairi la gari bovu. Breki ilikuwa visigino vyangu. Kwenye mteremko mzigo ukitaka kukuua unakuua, na nimezika mwenzangu aliyelaliwa na mawe ya kujengea. Sasa hapa kuna mtu ambaye bado hajui hata kushika kijiko, na amewekewa breki ya kukanyaga kwa ncha ya kiatu. Amewekewa springi. Ana mkanda unaopita mabegani na mwingine kati ya miguu, ana paa la kumkinga jua, na kwenye paa kuna kidirisha. Nilikifungua kile kidirisha nikakifunga, nikakifungua tena. Kuna mtu alikaa chini akafikiria kwamba mtoto atataka kuangaliwa akiwa amelala, bila kuamshwa.

Basi nikafanya ninavyojua. Nilivipindua kimoja kimoja nikatazama ekseli. Halafu nikaenda duka la jirani nikarudi na mfuko wa mchele wa kilo ishirini na tano, nikaupakia kwenye kiti, nikaufunga mikanda.

"Baba," mke wangu akasema, "mtoto wa kilo ishirini na tano nitamtolea wapi?"

Mwenye duka alicheka mpaka akashika meza, kisha akasema kikivunjika nimekinunua. Cha kwanza, chenye magurudumu madogo kama ya kabati, kililia kikaenda upande. Nikakikataa. Kwa mawe ya kwetu gurudumu dogo linaingia ufani linabaki humo. Cha magurudumu makubwa kilibeba mchele kimya, nikakizungusha kwa kidole. Nikasema hiki.

Mke wangu akauliza kama kiti kinageuka. Mwenye duka akakinyanyua na mchele wake, akakigeuza kielekee mpini, kikaingia mahali pake kwa mlio mdogo. Mke wangu akaniambia nishike mpini.

Nikashika. Nitakieleza hiki polepole kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike. Mkokoteni unauvuta. Wewe uko mbele, mzigo uko mgongoni, hamuonani. Maisha yangu yote ya kazi sikuwahi kuona uso wa nilichokibeba, nilisikia uzito tu na nikaenda. Mama pia alinibeba mgongoni, na mgongoni hamtazamani. Sasa nimeshika mpini, na mfuko wa mchele umekaa umefungwa mkanda, unanitazama. Niliona pale juu ya mchele uso utakaokaa. Nilisimama hivyo mpaka mwenye duka akaacha kucheka. Mke wangu alinishika kiwiko.

Tukanunua. Lakini tulipofika chini ya Mabatini hofu ilinirudia. Kupita katikati ya majirani na kigari cha mtoto kitupu, huku mama mkwe amekuja kukaa nasi kusubiri uzazi, hilo sikuliweza. Nikaamua mchele ubaki kitini. Kinachobeba mchele ni mkokoteni, nani atauliza? Nikakisukuma juu, jasho linanitoka, mke wangu nyuma anapumzika kila jiwe. Muuza mkaa mmoja, jirani yangu wa siku nyingi, akasimama kunipisha.

"Hongera, mzee. Mtoto amekufuata tumbo."

Nikamwambia shingo kamfuata yeye muuza mkaa, yaani hana.

Mama mkwe alikuwa mlangoni anachambua mboga. Nikamwamkia, akaitika. Akauliza ni nini hicho. Nikasema mkokoteni, nimeleta mchele.

"Mkokoteni wenye mto?" akauliza.

Mke wangu akafika, akavuta pumzi, akainama kwa shida akaanza kufungua mikanda. Akaniambia, "Utoe mchele. Kiti kina mwenyewe." Alilisema hilo mbele ya mama yake, bila kupandisha sauti.

Niliutoa. Nikakiingiza kigari sebuleni nikakanyaga breki. Kikasimama pale kitupu, na hakuna kati yetu aliyekitazama moja kwa moja. Mama mkwe akaacha mboga zake akaingia chumbani. Nilidhani anafunga mizigo aondoke. Alirudi na kanga iliyopauka kabisa, maandishi yake hayasomeki, ile aliyombebea mke wangu alipokuwa mchanga. Akaikunja, akaitandika kitini, akaipapasa ikalala vizuri.

"Kisikae kitupu," akasema, akarudi kwenye mboga.

Mtoto alizaliwa Jumatatu asubuhi mvua ikinyesha. Wa kike. Alilia mpaka nesi akaniambia huyu atakuwa mpiga debe wa stendi ya Buzuruga. Siku ya kwanza nilipomtoa nje nilijaribu breki kwanza bila yeye, nikamfunga mikanda yote, nikaijaribu tena akiwemo, na nikamsukuma mpaka pale njia inapofunguka na ziwa linaonekana lote. Nilitaka alione ziwa. Hakuligeukia. Alikuwa ananitazama mimi.

Leo nina nyumba moja ya matofali Mabatini, imelipiwa. Maduka mawili ya vifaa vya ujenzi. Maguta matatu ya kubebea mizigo, yote yanafanya kazi. Kiwanja kimoja Buzuruga. Ng'ombe kumi na wawili kijijini, niliowanunua mwenyewe. Mkokoteni mmoja wa zamani, siuzi. Kigari cha mtoto kimoja, chenye kanga kitini, gurudumu la mbele la kushoto limeanza kuisha.