Mhuri Chini ya Beseni la Karanga

Majirani zangu wa mtaa wa Nkuhungu, Dodoma, waliniita Singapore, na jina hilo nililitafuta mwenyewe. Mwaka tisini na nane, mimi Fulgence, karani wa masijala katika kampuni ya usafirishaji, nilipelekwa huko kusomea utunzaji wa kumbukumbu. Nikarudi na tai na domo. "Wenzetu rekodi ya kompyuta inapokelewa mpaka mahakamani," niliwaambia hata waliokuja kuomba chumvi.

Basi nikaanzia nyumbani kwangu, mjanja mimi! Mkataba wa kununua kiwanja tulichojenga nyumba nikauchapa kwenye kompyuta ya ofisini, nikauhifadhi kwenye disketi. Karatasi zote za zamani, mkataba wenyewe ukiwemo, nikamgawia Joha, muuza karanga wa pale kona, afungie karanga zake. Mke wangu Stumai alishika kichwa. Nikamwambia aache ushamba.

Haukupita mwaka, jirani yetu Noeli akafungua kesi kwamba kiwanja ni chake. Mzee aliyeniuzia alishafariki, na mjumbe wa nyumba kumi aliyeshuhudia pia. Sikuwa na wasiwasi. Nikaingia mahakamani kifua mbele, nikamkabidhi hakimu karatasi iliyotoka kwenye kompyuta.

"Sahihi ya muuzaji iko wapi? Na mhuri wa mjumbe?"

"Mheshimiwa, Singapore sheria inaruhusu..."

"Hapa ni Dodoma, bwana. Hii umechapa mwenyewe. Kesho lete mkataba halisi, la sivyo naamua bila huo."

Watu wakaangua kicheko. Loo, niliogopa! Nyumba wanayolala wanangu ilikuwa inaondoka hivihivi, na aliyeitoa ni mimi. Nikatoka mbio, tai begani, hadi kwa Joha.

"Joha, zile karatasi nilizokupa..."

"Mbona zilikwisha zamani, shemeji! Labda ile yenye mhuri. Ya mhuri sifungii, wateja wanaogopa kesi."

Akasogeza karanga zake za kukaanga, akaibandua chini ya beseni. Ilikuwa imelowa mafuta, lakini sahihi zilisomeka. Nililia palepale barabarani, mtu mzima na tai yangu.

Kesho yake hakimu aliinusa, akanitazama, akaipokea. Nyumba ikabaki yetu.

Tangu siku hiyo mkataba anautunza Stumai, na hataki kuniambia anauweka wapi. Mimi nimeachiwa disketi.