Herufi ya Kwanza Ilikuwa Yangu

Gracien, sekretari wa ligi ya riadha ya mtaa wetu hapa Musonoi, aliandika jina la mtoto wa dada yake mahali pa jina langu, kisha akanionyesha jina hilo ubaoni kwa kidole na kuniambia: ni wewe. Alijua kwamba sisomi. Huo ndio ubaya alionitendea, na nauweka mbele ili mtu asidhani nina kinyongo cha bure.

Naitwa Ntumba. Naosha madini tangu usichana wangu. Wachimbaji walikuwa ng'ambo ya bwawa letu, na kila mara walipiga kelele wakitaka chuma cha kuchokonolea udongo. Kulizunguka bwawa ni mwendo mrefu, na magunia hayajioshi yenyewe. Nikawa nakirusha. "Mukimbie, Mama Ntumba anatupa!" walisema, wakitawanyika kwa kicheko. Basi ligi ilipoleta mashindano ya mkuki, miaka tisa iliyopita, bega langu lilikuwa limeshasoma shule yake.

Siku hiyo niliwashinda wanawake wote. Noëlla, binti wa dada yake Gracien, alikuwa wa tatu. Mkuki wangu ulipochoma ardhi nilifanya tunavyofanya bwawani. Kila mwoshaji ana alama ya kufunga kwenye gunia lake. Yangu ni waya wenye mafundo matatu. Nilichukua msumari mrefu, nikaufunga waya wangu, nikaugongomea pale pale hadi ukazama usawa wa udongo.

Wiki iliyofuata ubao wa washindi, wenye majina na mita za kila mtupo, ulisimamishwa penye mlango wa uwanja.

"Ona ile N, Mama," Gracien aliniambia. "Njo weye."

Niliitazama ile N nikaishika kichwani. Kwa miaka sita nilipeleka watu pale, wote wasiojua kusoma sawa na mimi. Nilimpeleka mkwe wangu aliyetoka Mutshatsha kwa treni. Niliupangusa ubao vumbi kwa kitenge changu mwenyewe. Nikifikiria kitenge kile, hadi leo uso unaniwaka.

Kisha parokia ikaanza kuwafundisha akina mama kusoma, na rafiki yangu Micheline akanivuta. Jumapili moja tulipita uwanjani, nami nikataka kumwonyesha jinsi nilivyoendelea. Nilisoma N. Nikangoja T, kama katika jina langu. Ikaja duara.

"Micheline, ile ni nini?"

"Ni O, Mama. Mu jina yako O iko wapi?"

Haikuwamo. Nilisoma herufi moja moja hadi mwisho, na mwishoni palikuwa na Noëlla. Kwa sababu ya ubao ule ndiye aliyepelekwa kufanya mazoezi Lubumbashi.

Nilikwenda kwa Gracien. Alicheka. "Mama, umeanza kusoma jana, leo unasahihisha ba sekretari?" Alinifukuza hivyo miaka mitatu.

Juni hii mashindano yalirudi. Nilijiandikisha mwenyewe, kwa mkono wangu, herufi zote. Waoshaji wenzangu walijaa pembeni na mabeseni yao. Kabla ya kutupa nilikwenda mbele ya watu, nikamwomba mzee Tshimanga, mpimaji wa ligi tangu zamani, anifuate na utepe wake. Nilipapasa nyasi kwa kisigino, nikachimba kidogo, na msumari ukaonekana, waya bado umeung'ang'ania kwa mafundo matatu.

Tshimanga akavuta utepe toka mstarini. Akasoma kwa sauti: "Mita arobaini na moja, sentimita makumi tatu."

Watu wakageukia ubao. Namba iliyoandikwa kando ya jina la Noëlla ilikuwa ile ile.

Gracien alikohoa kwenye mikrofoni. "Musumari haina na karte ya uchaguzi ya kuonyesha jina yake. Haiwezi kutoa ushahidi."

"Iko na mafundo tatu!" Micheline akapaza sauti. "Sisi bote ku bwawa tunaijua! Karte yako weye ni gani?"

Uwanja ukacheka, naye akatafuta njia nyingine ya kunishusha. "Mama Ntumba, uko na miaka makumi ine na tatu. Utavunjika mugongo, bajukuu bako bataniuliza."

"Lete mukuki, tata. Mugongo ni yangu."

Nilikimbia. Sikuutazama ubao wala Gracien. Nilitazama ng'ambo, kama bwawani, pale mtu anapongoja chuma. Nikauachia. Ulipanda ukitetemeka, ukatulia hewani, ukapita juu ya msumari wangu na kuchoma udongo mbele yake. Mabeseni yakaanza kupigwa kabla utepe haujafika.

"Makumi ine na mbili, na makumi munane na tano!" Tshimanga alilia kwa furaha kama mtoto.

Gracien aliandika. Watu mia walimsimamia. Alipomaliza N nilimwambia, "Sasa T, tata. Nasoma." Akaandika T, na zilizobaki, na jasho lilimtoka. Nilisoma jina langu kwa sauti mara mbili, na mabeseni yakaitikia.

Lakini juu ya mstari huo, ule wa zamani ungali pale, ukiwa na jina la Noëlla kando ya mtupo wangu. Kwenye ubao ule mistari yangu ni miwili, nami nimepewa mmoja. Gracien ana deni la kulifuta jina lile na kuandika langu kwa mkono ule ule ulioliandika, na kulitaja jina langu kwenye mikrofoni ile ile, mchana, waoshaji wote wakiwepo. Kila Jumapili napita kuangalia. O bado ipo.