Samaki Aliyefuliwa Mara Tatu

Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake, magoti yakikaribia kugusa kioo cha tangi, aliposema kwamba samaki wa njano amefuliwa. Mimi nilikuwa mezani nyuma yake, nikipambana na sura ya riwaya iliyokataa kuisha. Nilimjibu bila kuinua kichwa.

"Ni macho yako, Baba."

Hakubisha. Natamani ningeweza kuandika kwamba alibisha.

Ujana wake wote aliumalizia kwenye kiwanda cha nguo hapa Thika, upande wa kutia rangi. Kazi yake ilikuwa kulinganisha. Kitambaa kilipotoka kwenye pipa, alikipeleka dirishani, kwa sababu balbu, aliniambia, ni mwongo. Kabla ya kukitazama alitazama kwanza kitu cheupe, ili macho yasahau. Ndipo alitoa hukumu, na hukumu zake zote alizihesabu kwa kufua, yaani rangi imepauka kiasi gani: hii imefuliwa mara moja, hii mara mbili, hii rudisheni pipani. Tulipokuwa watoto, hata sweta zetu za shule alizisoma hivyo mlangoni pa nyumba yetu ya Makongeni, na hatukuweza kumficha lolote.

Sasa ana presha ya macho. Daktari wa kliniki alichora duara kwenye karatasi, akaanza kulijaza wino kutoka ukingoni kuelekea katikati. Palipoingia giza hapatarudi kuona, alisema. Matone mara mbili kwa siku yanaweza kulinda palipobaki. Baba aliuliza katikati patabaki kwa muda gani. Daktari alifunika kalamu yake, akasema tutaonana baada ya miezi minne.

Nikaamua kwamba kama katikati ndipo palipobaki, nitaweka hapo kitu kinachostahili kutazamwa.

Kule Ruiru, Gatongora, kuna mama anayeuza chakula cha kuku mbele ya duka na samaki wa baharini nyuma. Ukipita magunia unaingia chumba chenye mwanga wa buluu na sauti ya pampu zinazopumua pamoja. Nilitaka kila mmoja niliyemwona. Nilimwonyesha mwekundu wa kifahari, akasema huyo atakua hadi tangi langu dogo limbane. Nilimwonyesha mwenye madoa, akasema huyo atakula matumbawe yote. Nilipoonyesha wa tatu, alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Wewe msichana, umekuja kununua samaki ama kitenge?"

Mwishowe alinichagulia watatu tu. Mmoja wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, asiye na ugomvi. Mmoja wa njano, mdogo kama kidole cha mtoto, anayependa kukaa juu ya jiwe na kutazama watu. Na wa buluu, ambaye aliagiza aingie wa mwisho kabisa, kwa sababu akitangulia atajiona mwenye nyumba na kuwapiga wengine. Akanichagulia pia kipande cha matumbawe laini kilichofunguka kama kiganja, akaniuzia mifuko ya chumvi maalum ya kuchanganya na maji yaliyochujwa. Lakini kwanza, alisema, tangi likae na mawe, mchanga na maji peke yake mwezi mzima, hadi maji yaive.

Mwezi huo Baba alikaa kila siku mbele ya tangi tupu. Nilimwambia hakuna kitu humo bado. Alisema anajua, anazoea mahali.

Samaki walipokuja, nyumba ilibadilika. Yule wa njano alikuwa na njano ambayo Baba alisema kiwandani waliipata mara moja tu, kwa bahati, na mwenye pipa hakuweza kukumbuka alichofanya. Nilimpiga picha kwa simu siku hiyo ya kwanza, huku uso wa Baba ukionekana nyuma ya kioo, mdomo wazi. Kila asubuhi aliniita kunieleza walivyoamka. Ananiita maitu, yaani mama yangu kwa Kikuyu, kwa kuwa nina jina la mama yake, na neno hilo likitoka sebuleni nilijua ana habari.

Maji yalipungua. Taa ya tangi ilikuwa ya moto na dirisha liko karibu, kwa hivyo kila baada ya siku chache yalishuka upana wa kidole. Mimi nikachanganya jagi la maji na chumvi, kwa kipimo kilekile alichonifundisha yule mama, nikajazia. Niliona ni jambo la akili. Kilichopungua ni bahari, nimerudisha bahari. Sikuzaliwa pwani, na hakuna mtu kwetu ambaye ningemuuliza.

Ukingo wa kioo ukaanza kuota utando mweupe. Niliupangusa, ukarudi. Kiganja cha matumbawe kikajikunja, nikadhani kinapumzika. Yule wa chungwa alianza kupumua haraka, mashavu yakienda na kurudi kama ya mtu aliyepanda ngazi. Niliyaona haya yote, moja moja, na kila moja nililipatia sababu.

Ndipo Baba akasema amefuliwa, nami nikamjibu nilivyomjibu.

Wiki tatu baadaye alisema tena. Sasa ni mara mbili, alisema, na buluu naye ameanza kupoteza. Aliniomba nimletee kitambaa cheupe na nifungue pazia. Nilitoka mezani, nikaenda nikamwekea mkono begani. Nilifanya sauti yangu kuwa laini, ile sauti tunayowapa wagonjwa. Nilimkumbusha duara la daktari. Nilimwambia kwamba samaki wako vile vile, kwamba ninawaona kila siku, na kwamba giza lile lingekuja tu. Aliitikia kwa kichwa. Kitambaa sikukileta.

Tangu siku hiyo hakutaja rangi tena. Asubuhi aliketi pale pale, lakini hakuniita. Sebule ilikuwa na sauti ya pampu tu. Nilijiambia amekubali, na nikaandika kurasa nyingi wiki hizo, nzuri pia.

Asubuhi moja yule wa chungwa alikuwa amelala ubavu mchangani, amekufa, jicho limetazama juu. Nilimpigia simu yule mama, akaja kutoka Ruiru kabla ya saa sita, na kifaa kidogo cha kutazamia kama bomba. Alidondosha tone la maji juu yake, akakielekeza dirishani. Akakipangusa, akatazama tena. Akaniuliza maji yakishuka najazia nini. Nilimwambia.

"Maji yanaenda hewani," alisema. "Chumvi haiendi popote. Umekuwa ukiwapikia hawa mchuzi."

Akanionyesha ule utando mweupe niliokuwa nikiupangusa. Ilikuwa chumvi.

Yeye alipokuwa akiandaa ndoo, mimi nilitoa simu na kutafuta picha ya siku ya kwanza. Niliinua karibu na kioo. Njano ya kwenye picha na njano ya juu ya jiwe hazikuwa za samaki mmoja. Nilikuwa nimemtazama kila siku, na kila siku alikuwa amepungua kidogo sana nisione. Mara tatu, nilihesabu. Angalau mara tatu.

Nilimwendea Baba chumbani nikiwa na haraka ya mtu aliyebeba habari njema. Nilimweleza yote. Nilimwambia macho yake yalikuwa sawa, mimi ndiye sikuona. Aliniambia nivute droo.

Chupa za matone zilikuwa tatu, zimepangwa kwa mstari. Vifuniko havikuwa vimevunjwa.

"Ulisema ni macho, maitu," alisema. "Nikaona basi dawa imeshindwa."

Tulienda kliniki siku iliyofuata. Daktari alichora duara lingine. Wino ulienda mbali zaidi ya mara ya kwanza, na kwenye jicho la kushoto palibaki mahali pa kupitisha uzi tu.

Chumvi iliyopanda polepole lazima ishuke polepole, kwa hivyo nilitoa kikombe na kurudisha kikombe cha maji matupu, siku baada ya siku. Matone sasa namtia mimi mwenyewe, asubuhi na jioni, na yeye huinua uso. Matumbawe hayakufunguka tena. Lakini yule wa njano anarudi. Kila Jumapili namlinganisha na picha.

Juzi, baada ya matone, Baba aliniita kutoka kwenye kiti chake. Nilikuwa sijasikia neno hilo likitoka sebuleni kwa muda mrefu.

"Maitu, njoo uone. Leo hajafuliwa hata mara moja."

Nilikuja. Nilifungua pazia, nikashika kitambaa cheupe kando ya kioo kama alivyoniomba siku ile. Jiwe lilikuwa tupu. Safari hii niliamua kumwambia ninachokiona.

"Baba, yuko nyuma ya jiwe. Hajatoka tangu asubuhi."

Aliendelea kutazama pale pale, akitabasamu kidogo.

"Basi nimemwona yule wa jana," alisema.