Wageni Waliokalia Maonyesho

Mama yangu haamini kwamba mtu anaweza kuingia nyumbani kwake akatoka mdomo mkavu. Fundi wa bomba hunywa chai kwanza ndipo aonyeshwe bomba. Msomaji wa mita ya maji, ambaye kazi yake ni kusoma na kwenda zake, anajulikana kwetu kwa kupenda uji usio na sukari nyingi. Kwa hiyo vijana wa mtaa walipokuja kumwomba afungue lango siku ya maonyesho ya sanaa, ningepaswa kuona mapema mambo yatakwenda vipi.

Mpango wao ulikuwa rahisi. Jumamosi hiyo nyumba kadhaa za mtaa wetu wa Woodley zingefungua malango, kila moja ikionyesha kazi za mtu. Wageni wangepewa ramani, watembee nyumba hadi nyumba, waangalie, waendelee. Mtaa wa nyuma kulikuwa na jamaa anayeunda ndege kwa vyuma vikuukuu. Mwisho wa barabara yetu, jirani mmoja, mama wa Kihindi, angeonyesha nguo alizodarizi. Kwetu walitaka baraza tu, wamweke mchoraji asiye na mahali.

"Sawa, shosh?" kiongozi wao akamuuliza, kama anayeuliza bibi yake.

"Na mimi?" mama akasema. "Mimi sina kazi?"

Kazi anayo. Mama anafuma vitambaa vya kroshia tangu kabla sijazaliwa, na uzi huufuata mwenyewe kwenye maduka ya River Road kwa sababu hamwamini mtu mwingine kuchagua rangi. Kila kiti kwake kimevaa: mgongoni, mikononi na pale pa kukalia. Televisheni imevaa, friji imevaa, hata chupa ya chai ina kofia. Tulipokuwa watoto, chochote kilichotulia mahali pamoja wiki nzima kilivishwa, na nadhani ndiyo maana marehemu baba hakupenda kusinzia sebuleni.

Sisi watoto wake tulihamia maghorofa ya Kilimani tukanunua makochi ya kijivu yasiyotaka kuguswa. Kila Krismasi anatupa vitambaa, tunashukuru sana, tunavitia kabatini. Kimoja nilikikuta ndani ya gari la kaka yangu kikipangusa kioo, nikanyamaza, maana changu pia sikujua kiko wapi.

Ijumaa jioni nilimpelekea pini na kamba ili tuvitundike ukutani, watu wavione vizuri. Aliniangalia kama niliyependekeza tutundike sufuria.

"Kitambaa kwa ukuta inafanya nini? Ukuta inakaliwa?"

"Mama, ni maonyesho. Watu wanakuja kuangalia."

"Wataangalia ikiwa kwa kiti. Hapo ndio kwao." Kisha akaketi, na sauti yake ikashuka. "Nataka tu mtu mmoja aziangalie. Si kuniambia asante. Kuangalia. Nikikosa hata mmoja, nitaweka sindano chini. Macho pia imechoka."

Nilizirudisha pini mfukoni nikaenda kumsaidia kukanda unga, kwa sababu tayari alikuwa ameamua juu ya chapati.

Wageni wa kwanza walifika asubuhi, wasichana wawili wenye ramani na viatu vyeupe. Walisimama mlangoni wakichungulia kwa adabu, kama walivyoagizwa. Mama hakuwapa nafasi.

"Karibuni! Mbona mnasimama kama watu wa deni? Kaeni, kaeni."

Wakakaa, tena juu ya kazi yenyewe. Chai ikaja, chapati zikaja, na baada ya chapati maharagwe. Wakaingia wengine wanne, nao wakakalishwa. Mchoraji wa barazani alipoona hakuna anayepita kwake bila kuvutwa ndani, aliacha picha zake akaingia pia. Ilipofika saa sita, yule wa ndege za chuma alikuja kuuliza wageni wake wamepotelea wapi. Walisogea kidogo, akapata mahali.

Sebule ilijaa. Kwa kweli palikuwa na raha, na kama yangekuwa maonyesho ya chapati mama angeshinda bila mpinzani. Lakini hakuna kitambaa hata kimoja kilichoonekana. Vya migongoni vilikuwa nyuma ya mabega, vya mikononi chini ya viwiko, na vile vikubwa, alivyovifanyia kazi miezi na miezi, mnajua vilikuwa chini ya nini.

Kila nilipoingia jikoni na sinia, mama alininong'oneza, "Wamesema nini?"

"Wamesema chapo ni laini sana."

"Na zile zingine?"

"Bado."

Nilitaka kutoka niwaambie waziwazi, jamani, inukeni mwangalie. Alinizuia. Mgeni haambiwi ainuke, alisema, hata kama nyumba inaungua anaombwa kwa upole. Alitabasamu akisema hivyo, lakini mara ya mwisho niliporudi nilimkuta ameegemea sinki, amekunja mikono.

"Basi," akasema. "Nimejua."

Iliniuma sana. Niliwachukia wale watu wote wema walioshiba sebuleni, na mimi mwenyewe sikujipenda sana.

Ndipo yule jirani Mhindi akaja. Alikuwa amefunga kwake kwa muda, kwa kuwa hakuna mtu aliyefika; wote walikuwa kwetu. Yeye na mama wamesalimiana barabarani miaka mingi, habari ya asubuhi, nzuri, basi. Hakuwahi kuingia. Kijana mmoja alimpisha kwenye kiti cha karibu na dirisha, na mama akasema maneno yake yale yale.

"Karibu, mama. Kaa."

Jirani akaangalia kiti. "Hapana, mama. Asante. Siwezi kukaa."

"Kaa tu, jisikie nyumbani."

"Siwezi."

Mama alirudi jikoni uso umemkauka. "Umeona? Miaka yote hiyo, leo anaingia kwangu na anakataa kiti. Kiti yangu ina nini?"

"Ebu nenda uone anafanya nini," nikamwambia, kwa sababu mimi nilikuwa mlangoni na nilikuwa nikiona.

Jirani alikuwa amepiga magoti kwenye zulia. Alikuwa amevaa miwani na uso wake ulikaribia kugusa kiti. Aliinua pembe ya kitambaa, akakigeuza, akaangalia upande wa nyuma ambao hakuna mtu huuangalia, akafuata uzi kwa kidole polepole hadi katikati.

"Hii nitakaliaje?" akamwambia mama bila kuinua kichwa. "Mtu amekaa na hii miezi mingapi? Mimi nikuje nikalie dakika moja?"

Msichana mmoja wa viatu vyeupe alijiinua kidogo, akachungulia chini yake, akabaki hivyo hivyo nusu amekaa nusu amesimama, chapati mkononi. Wengine nao wakaanza kujitazama chini kwa wasiwasi. Jamaa wa ndege alisema, "Haiya!"

Mama alisimama mlangoni na kikombe cha jirani mkononi. Nilidhani angelia, na mimi nilikuwa tayari kulia naye, lakini alikiweka kikombe juu ya friji, akajifuta mikono kwa leso, akawageukia wageni wake.

"Simameni," akasema.

Wakadhani anatania.

"Nyinyi wote. Simameni."

Wakasimama, wengine bado wanatafuna, hakuna aliyejua aweke wapi sahani. Mama akamshika jirani mkono, akamwinua, akaanza naye kwenye kiti cha dirishani, akimweleza rangi moja moja kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Sisi wengine tuliwafuata nyuma, na hakuna aliyekaribishwa kukaa tena mpaka walipomaliza kiti cha mwisho.