Betri ya Siku Moja

Juzi asubuhi, karibu na stesheni ya gari la moshi hapa Kamina, nilipeleka simu kuchaji kwa mama mmoja fundi, mwenye paneli ya sola juu ya paa na benchi mbele ya mlango. Alasiri mzee mmoja, mstaafu wa reli, akaleta tableti iliyokufa betri. Mama akamwekea betri mbili mezani.

«Papa, zote iko na volti moja, sawa na ile ya zamani. Volti ikizidi, itaunguza tableti. Capacité, ule moto inaweza kubeba, njo inapitana: hii ndogo itakukalia siku moja, hii kubwa siku tatu. Bei iko moja.»

Mzee akaipima kubwa kiganjani, akairudisha taratibu.

«Unipatie ndogo.»

«Papa! Utakuya kuchaji kila siku?»

«Njo vile.» Akatazama benchi. «Tangu bibi yangu wa ndoa alikufa, mu nyumba hakuna muntu wa kuzungumza naye. Hii kubwa itanifungia mule siku tatu.»

Mama akasogeza ndoo iliyokuwa benchini, mzee apate pa kukaa.

Mimi, mwandishi mjuaji wa safu hii, nilikuwa nimeshafungua mdomo nimfundishe mzee hesabu. Nikaufunga. Simu yangu ilikuwa imejaa tangu asubuhi, na bado nilikuwa nimekaa pale.